Mvi za Kijani

Mashine iliwaka, ikahesabu dakika tatu, ikazima.
Taa yake nyekundu ikakonyeza kama mlevi wa Katuba.
"Ya ine leo," alisema Mama Tshibal,
kitenge juu ya koti, mikono kwapani.
Juni, mtaa wa Golf, saa moja asubuhi:
bwawa lilipumua baridi tupu.

Nilianza na umeme, maana Lubumbashi
kila ugonjwa humsingizia Sineli kwanza.
Mita ilisoma mia moja na tisini.
Haba, lakini kwa haba hiyo watu wanapika.

Nikafungua kikapu cha pampu:
manyoya ya njiwa, kandambili ya mtoto,
vumbi jekundu lililokwisha kuwa uji.
Nikasuuza kichujio mpaka maji yakatoka meupe.
Mwilambwe, mwanafunzi wangu, akapiga makofi mapema.
Dakika tatu.
Ikazima.

Nikaipiga msasa swichi ya mgandamizo.
Nikagusa kihisi joto kwa mgongo wa kidole,
kama mzazi anayetafuta homa kwenye paji la mwanawe.
"Niagize ingine kule Kusini?" Mama Tshibal akauliza.
"Ngoja kwanza."

Nilisema ngoja kwa sababu Mwilambwe
alikuwa ameacha kazi, anamkodolea macho Nkambo Matilda,
mama yake mwenye nyumba,
aliyeketi kando ya beseni la maji moto
akilisubiri lichemke kwa ajili ya magoti yake.
Mvi zake zilikuwa za kijani.
Si kivuli cha majani. Kijani cha limau bichi.
"Tangu Pasaka," alisema, bila kuulizwa.
"Nilizani ni uzee ya namna mupya."

Nikachota maji kwenye kichupa, nikadondosha dawa.
Rangi ikaja njano, kiini cha yai.
Nikamwita Sangwa wa bustani.
"Asidi unatia kiasi gani?"
"Kopo moja ya maziwa ya unga."
"Kwa juma?"
"Asubui na mangaribi. Patroni alisema maji ikuwe mukali."

Basi nikaipasua mashine tumbo.
Koili ilikuwa imeliwa, nyembamba kama ganda la kitunguu,
na kila kona yake ilitoa chozi la kijani
lililotiririka polepole hadi kwenye waya.
Dakika tatu ndizo safari ya chozi.
"Mashini haiko mugonjwa," nikasema.
"Maji njo iko mugonjwa."

Koili ile ni mukuba.
Wengine huiita shaba; huku ni mukuba,
na jina hilo lina uzito wa behewa.
Ulitoka ardhini hapa, ukapanda treni ukiwa mabamba,
ukarudi ndani ya katoni yenye herufi
ambazo Mwilambwe alizigeuza juu chini asizisome,
na sasa ulikuwa ukishuka tone kwa tone
kutafuta kichwa cha kukalia.

Nkambo alivuta shungi moja mbele ya jicho.
"Marehemu wangu alifanya miaka makumi mbili na sita ku tanuru.
Kola ya shati yake ilikuwa vile vile.
Nilifua. Nilifua."
Akaliachia.
"Kumbe haikutoka."

Nikaandika hesabu: koili mpya, magadi,
nusu ya bwawa kumwagwa.
Tulipofungua bomba, maji yakaingia mtaroni,
na kabla sijakunja mkono wa shati
wanawake watano walikuwa nje ya ukuta na bidoni.
Nikawapigia kelele: ya kunywa hapana, ya kufulia pia hapana!
Wawili waliondoka.
Watatu walinitazama, wakaendelea kujaza.
Kwangu Kigoma bomba hutoa maji Jumanne,
likitaka.
Sikupiga kelele tena.

Mwilambwe aliifunga koili ya zamani katika gazeti.
Akauliza kama anaweza kuiuza kwa kilo.
Nikamwambia apime kwanza:
nusu yake iko juu ya Nkambo,
naye amekataa kuoshwa.